Mbweha wa Hornstrandir: mwache aje mwenyewe

Swali limetoka kwa mpiga picha wa Arusha. Kwa miaka mingi amepiga wanyama akiwa ndani ya gari, Serengeti na Ngorongoro, na sasa amepata nafasi kwenye kikundi kidogo kinachokwenda Hornstrandir, kaskazini-magharibi mwa Iceland, mwezi Machi, kupiga picha mbweha wa Aktiki. Ana lenzi ya milimita 150–600 na nyingine ya 24–70. Anauliza mambo manne kwa mkupuo. Mbweha anakaribiwaje pasipo gari? Kamera itastahimili baridi? Mbweha mweupe juu ya theluji nyeupe unampimiaje mwanga? Na je, akubali ahadi ya mwenyeji mmoja kwamba atawekewa nyama nje ili mbweha wasogee karibu?

Ndugu yangu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ukishalielewa, la kwanza litakuwa limejijibu nusu. Usikubali nyama hiyo.

Hornstrandir ni hifadhi tangu 1975, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 580, na tangu miaka ya 1990 mbweha wa humo hawawindwi. Nje ya mpaka huo hali ni tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya Iceland mbweha huwindwa kisheria. Wafugaji wa kondoo na wale wanaovuna manyoya laini kwenye viota vya bata wa baharini wamepigana naye kwa karne nyingi, na halmashauri hulipa wawindaji. Sasa sikiliza namna anavyowindwa majira ya baridi: mzoga unawekwa nje, mwindaji anajifungia kwenye kibanda na bunduki, anasubiri. Mbweha wachanga waliozaliwa hifadhini huondoka kutafuta maeneo yao wenyewe, na wengine huvuka mpaka. Mbweha aliyefundishwa na wapiga picha kwamba harufu ya mtu na nyama ya bure ni kitu kimoja, atatembea moja kwa moja hadi mbele ya kibanda kile. Sijui picha inayostahili gharama hiyo.

Na hata tukiiweka huruma pembeni, picha za chambo ni mbaya. Mbweha aliyezoea kulishwa hutazama mkono wako. Hukaa mahali pamoja, shingo imenyooka, anangoja. Machi ni msimu wa kupandana, jozi kila moja inalinda eneo lake. Ukiwakusanya kwenye rundo la nyama unawatia ugomvi ambao wasingekuwa nao, kisha unauita ugomvi huo tabia ya asili. Mpiga picha aliyekaa Serengeti anajua tofauti ya simba aliyejiwindia na simba aliyefungiwa mbuzi kwenye mti.

Sasa, bila chambo, mbweha atapatikanaje? Jibu lake liko pwani.

Iceland haina lemi, wale panya wa kaskazini ambao mbweha wa Urusi, Kanada na Skandinavia huwategemea. Kwa hiyo zile picha maarufu za mbweha akiruka juu na kuzama kichwa kwenye theluji usizitegemee sana. Panya wa msituni wapo nchini, lakini si wao wanaomlisha mbweha wa Hornstrandir. Anayemlisha ni bahari. Majira ya kiangazi kuna majabali ya ndege, Hornbjarg na Hælavíkurbjarg, yanayojaa ndege wa baharini kwa maelfu kwa maelfu, na mbweha hufukia mayai na mizoga kwa ajili ya siku za njaa. Majira ya baridi ndege wengi wameondoka, nchi kavu imefunikwa, na kinachobaki wazi ni ule mkanda wa ufukwe ambao maji huufunika na kuufunua. Humo theluji haikai. Maji yakipwa yanaacha mwani, vidudu jamii ya kamba chini ya mwani, samaki aliyetupwa na mawimbi, ndege aliyekufa, mara nyingine mzoga wa sili. Hapo ndipo mbweha anapofanyia kazi.

Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki atalielewa hili haraka kuliko mtu wa bara, maana hata kwetu kuna watu wanaopanga siku yao kwa maji kupwa na kujaa. Ukifika, kabla ya kutafuta mbweha tafuta jedwali la maji. Siku za bamvua maji hupwa mbali zaidi, na mkanda wa chakula unapanuka. Kaa ufukweni kuanzia maji yanapoanza kutoka. Nafasi utakayopata katika saa hizo utaikosa ukizunguka mlimani kutwa nzima.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mbweha wa pwani hatangitangi ovyo. Marehemu Páll Hersteinsson, profesa wa Chuo Kikuu cha Iceland aliyewachunguza kwa miongo kadhaa hadi kifo chake 2011, alionyesha jinsi jozi za mbweha zinavyogawana ufukwe, kila jozi na kipande chake. Mwenye eneo hulikagua, huweka mkojo kwenye mawe yale yale na vijilima vile vile, na hupita njia zake tena na tena. Theluji inakuandikia yote hayo. Tafuta nyayo zilizopitwa zaidi ya mara moja, jiwe lenye doa la njano, mahali ambapo njia inateremka kutoka kwenye ukingo kwenda majini. Ukipata, usikae juu ya njia. Kaa pembeni, mita 20 au 30, mgongo ukiegemea jabali ili umbo lako lisijichore angani, na mwanga ukitokea ubavuni mwako. Kisha tulia.

Hapa ndipo mazoea ya gari yatakapokuponza, kwa hiyo nayasema wazi. Kwenye gari umezoea kuwa wewe ndiye unayesogea: dereva anasikia habari kwenye redio, mnakwenda, mnazunguka upande wa mwanga, mnyama anabaki alipo kwa sababu gari kwake si kitu. Kwa miguu, kila hatua unayopiga kumwelekea mbweha ni ujumbe. Akikuona unamfuata anaondoka, na akiondoka mbio kwenye theluji nzito anatumia nguvu alizozikusanya kwa taabu. Akikuona umekaa, hujaribu chochote, udadisi unamshinda. Hornstrandir watu wa mwisho walihama karibu 1952, na mbweha wa sasa hawana kumbukumbu mbaya ya binadamu. Wengi watakuja wenyewe, hatua chache, wanuse, wazunguke upande wa upepo wakupate harufu, wakae chini, wajikunje walale. Mbweha akijikunja na kulala mbele yako umepata ruhusa yake. Hapo unaweza kupiga picha saa nzima.

Ruhusa hiyo inaweza kuondolewa pia. Akibweka mfululizo huku anakutazama, akirudi nyuma na mbele bila kukuvuka, akiacha kula kila unaponyanyua kamera, masikio yakilala nyuma, umekaa mahali pabaya. Yawezekana umemzibia njia ya ufukweni, au jike yuko nyuma yako. Inuka polepole, ondoka kwa mshazari, usimwelekee. Jike akishika mimba huibeba siku 52 hivi, na watoto huzaliwa Mei, hivyo mwishoni mwa msimu wa kupandana majike unaowaona wanaweza kuwa na mzigo tayari. Ukikuta shimo lenye dalili za kutumika, lipite mbali. Ester Rut Unnsteinsdóttir, mwanaikolojia ambaye amewafuatilia mbweha wa Hornstrandir kwa miaka mingi, amekuwa mmoja wa wanaosisitiza kwamba wageni wenye kamera nao wana athari yao kwa wanyama hawa, na mimi nakubaliana naye bila kusita. Ndege ya droni iache nyumbani.

Kuhusu rangi, nikuandae. Unauliza juu ya mbweha mweupe kwenye theluji nyeupe, lakini mbweha utakaowaona wengi wao huenda wasiwe weupe. Mbweha wa Aktiki wana aina mbili za rangi. Mweupe huwa mweupe baridi, na kiangazi hugeuka kahawia mgongoni na tumbo la krimu. Wa pili, anayeitwa wa buluu, ni wa kahawia iliyoiva au kijivu cha moshi mwaka mzima. Duniani kwa jumla weupe ni wengi mno. Iceland, hasa pwani, wa buluu ndio wengi. Sababu yake inaonekana ukifika: ufukweni mawe ni meusi, mwani ni wa kahawia, na mnyama mweupe pale anaonekana toka mbali. Watu wengine hufika na ndoto ya mbweha mweupe wakavunjika moyo. Mimi naona huyu wa kahawia ni zawadi kwa mpiga picha. Umbo lake lote linasomeka juu ya theluji, macho yake ya rangi ya kaharabu yanawaka, na theluji ikimwangukia mgongoni kila chembe inaonekana.

Mwanga, basi. Kipimo cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe wala cheusi. Kikiona theluji tupu kitapunguza mwanga mpaka theluji iwe kijivu cha jivu. Na mbweha wa kahawia akisogea akajaza fremu, kitaongeza mwanga mpaka theluji nyuma yake iungue. Ukiachia kamera iamue, kila picha itakuwa na mwanga wake. Tumia mpangilio wa mkono. Pima kwenye theluji iliyo kwenye mwanga ule ule wa mbweha, ongeza stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu ni mwanga mara mbili), piga, tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga: mlima wake uwe karibu na ukingo wa kulia pasipo kuugusa. Mpangilio huo utamfaa mweupe na wa buluu pia, kwa sababu jua linalowapiga ni lile lile. Wingu likipita, pima upya. Mbweha akishuka kwenye mawe meusi usibadilishe kitu kwa hofu. Anga halijabadilika, mandhari tu ndiyo iliyobadilika. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na acha rangi kwenye mpangilio wa mchana. Kivuli cha theluji kina ubuluu wake wa kweli, usiusafishe wote.

Mweupe akitokea kweli, utagundua kwamba manyoya yake si meupe kama theluji, yana rangi ya krimu kidogo. Fokasi ishike jicho au pua, maana mwilini mwake hakuna kingine cheusi cha kuishika. Theluji ikiwa inaanguka kwa wingi, kamera itadakia chembe zilizo karibu. Punguza eneo la fokasi liwe dogo, lengo likiwa usoni. Kwa mbweha anayetembea, kasi ya 1/1000 inatosha. Wakianza kukimbizana, nenda 1/2000 au zaidi na uongeze ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila huruma. Picha yenye chembechembe inasafishika, picha iliyotikisika haisafishiki.

Umechagua mwezi mzuri. Hornstrandir iko nyuzi 66 na kidogo kaskazini, chini tu ya mzingo wa Aktiki. Mji wa Ísafjörður, utakakopandia mashua, umezungukwa na milima kiasi kwamba jua halionekani mjini toka mwishoni mwa Novemba mpaka karibu 25 Januari, na likirudi watu husherehekea kwa kahawa na chapati tamu nyembamba. Machi katikati mchana unakaribia saa 12. Lakini jua hilo halipandi: hata likifika juu kabisa, karibu na tarehe 20, linasimama nyuzi 24 hivi juu ya upeo. Huo ni mwanga wa saa mbili asubuhi Arusha, nawe unakuwa nao kutwa. Usikimbilie kurudi ndani jua likizama pia. Machweo ya huko ni marefu, na mbweha hawana saa ya kulala.

Lenzi yako ya 150–600 inafaa, ingawa tundu lake dogo la kupitisha mwanga litakubana jioni. Ukiweza kuazima 70–200 ya f/2.8, yenye tundu kubwa zaidi, azima. Mbweha aliyeridhika atasogea mpaka 600 iwe haina kazi. Ile ya 24–70 usiiache kwenye mkoba: mbweha mdogo kwenye kona ya fremu, fjordi (mkono mwembamba wa bahari kati ya milima) na mlima juu yake, ndiyo picha inayosema anaishi wapi. Na lala chini. Begani mbweha ana urefu wa sentimita 30 hivi. Kutoka juu ya gari ulizoea kumtazama simba kwa chini. Huyu ukimpiga umesimama utapata mgongo na theluji. Beba godoro jembamba la sponji, la kukunja, ulalie tumbo, lenzi ikae juu ya mfuko mdogo sentimita chache toka ardhini. Mfuko huo usiujaze maharage kama tunavyofanya kwenye dirisha la gari. Mbweha atauchana. Usiache chochote chini, iwe glavu, kifuniko cha lenzi au kitambaa, maana huchukua na kuondoka navyo.

Kuhusu baridi, nadhani umejitayarisha kwa baridi isiyo yenyewe. Pwani ile bahari huizuia isishuke sana. Siku nyingi za Machi utakuta kati ya sifuri na nyuzi 10 chini ya sifuri. Adui ni upepo na unyevu. Nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo ukienda mita 15 kwa sekunde, mwili unapata baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Na theluji inayoanguka karibu na sifuri ni ya maji, inayeyuka juu ya bodi ya kamera na kuingia kwenye vitufe. Kwa hiyo mfuniko wa mvua ni muhimu kuliko kitu chochote cha ajabu utakachouziwa.

Betri zitaishiwa haraka. Ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu, kwani iliyokwisha kwa baridi ikipashwa hurudisha nguvu kidogo. Ukitoka nje, iache lenzi ipoe kabla ya kupiga. Lenzi yenye joto kwenye hewa ya baridi hutoa mawimbi mbele yake na picha zote zinakuwa laini, nawe utailaumu fokasi bure. Usipulize theluji kwenye kioo kwa mdomo; pumzi itaganda palepale. Tumia brashi. Hatari kubwa iko wakati wa kurudi. Kamera baridi ikiingia chumba chenye joto inatoka jasho nje na ndani. Kabla ya kufungua mlango toa memori kadi, weka kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge, uache hivyo saa kadhaa mpaka vitu vyote vipate joto la chumba. Jasho litatokea juu ya plastiki.

Mwili wako sasa. Pamba usivae hata soksi. Ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Sufu ndani, kitu kinene katikati, koti na suruali zisizopitisha upepo wala maji juu. Glavu mbili: nyembamba za kushikia kamera, na juu yake zile pana zisizogawa vidole. Viatu vizidi namba moja ili soksi nene zisibane damu. Kula mara kwa mara, kunywa cha moto. Ncha ya kidole au pua ikiwa nyeupe na huisikii, kazi imekwisha siku hiyo, rudi ndani. Mbweha yeye hana shida hiyo. Manyoya yake yanafunika hata nyayo, na ni miongoni mwa wanyama wanaostahimili baridi kuliko wote duniani.

Hatari za nchi yenyewe zichukulie kwa uzito. Hornstrandir haina barabara, haina duka, mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na majira ya baridi mashua haziendi kwa ratiba. Usiende bila kiongozi wa huko. Milima ya fjordi za magharibi huporomosha theluji na huua: Januari 1995 maporomoko yaliua watu 14 kijijini Súðavík, na Oktoba mwaka huohuo watu 20 Flateyri. Usikae chini ya mteremko kwa sababu tu nyayo za mbweha zimepita hapo. Kilo zake tatu au nne hazifyatui kitu, zako zaweza. Dubu wa barafuni si mkazi wa Iceland, lakini mara moja moja mmoja hufika kwa kuogelea au juu ya barafu. Septemba 2024 mmoja alifika Höfðaströnd, Jökulfirðir, jirani kabisa na hifadhi, na polisi wakampiga risasi. Kiongozi wako awe na njia ya kuwasiliana kwa setilaiti.

Njiani, ukipata nusu siku, ingia Súðavík. Kituo cha Mbweha wa Aktiki kiko pale tangu 2010, na utatoka ukiwa na macho mengine.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, muulize kwa maandishi: anaweka chakula nje au la, kikundi kina watu wangapi, nani anaamua kuondoka mbweha akionyesha kuchoka, ana utaratibu gani wa kusoma taarifa za theluji za Veðurstofa, mamlaka ya hali ya hewa ya huko, na mashua isipoweza kuja siku iliyopangwa, mna chakula na mafuta ya siku ngapi. Yule aliyekuahidi nyama mpe nafasi, huenda akakubali kuiacha ukimweleza kwamba hukuja kwa hiyo. Akikataa, tafuta mwingine. Viza ya Schengen iombe mapema, na kati ya siku ya kurudi Ísafjörður na ndege yako ya kutoka Reykjavík acha siku mbili au tatu tupu, kwa sababu ndege ndogo za Ísafjörður hufutwa upepo ukigeuka.